Mtu Aliyekuja kwa Mtumbwi

Dija alidhani ni bati la kibanda kilichobomoka. Jumamosi ile, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, maji ya bahari yakiwa yamekupwa, alikuwa akipanda miche ya mikoko na akina mama wenzake wa kikundi, kwenye mlango wa mto Wami, kaskazini ya Bagamoyo. Alilishika lile bati alisogeze. Halikusogea. Akafuta tope kwa kiganja, zikatokea herufi za buluu, kisha dirisha dogo, na nyuma ya dirisha mkanda wa kiti uliofungwa barabara, na ndani ya mkanda mifupa ya mtu. Hakupiga kelele. Aliwatoa wenzake topeni mmoja mmoja, akatembea mpaka kwenye matuta ya mashamba ya chumvi ambako simu hushika mtandao, akawapigia polisi.

Inspekta Gertruda alifika saa tano na robo, viatu mkononi. Hakuhitaji kuambiwa ni ndege gani. Nchi nzima iliijua: Jumatatu ya tarehe 12 Mei mwaka uliopita iliruka kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga katika mvua ya masika, ikiwa na watu kumi na tisa, ikapotea angani dakika kumi na tano baadaye bila hata kuomba msaada. Waliitafuta baharini, upande wa Unguja, kwa sababu huko ndiko mafuta yalikoonekana yakielea. Watu wakabuni yao: imetekwa, imetua nchi ya mbali, imemezwa na jini wa bahari. Miezi minane ya maneno, na kumbe ndege yenyewe iko hapa, mkia umezama topeni, mikoko mirefu imeifunika kwa juu.

Na mikoko ilikuwa kazi ya Gertruda. Mei ile wakubwa walimkabidhi yeye kuupekua mlango wa mto, kwa kutumia watu wa kujitolea wenye mitumbwi. Siku ya nne, Alhamisi, alisaini taarifa ya mstari mmoja: eneo lote limepekuliwa, hakuna kilichoonekana. Sahihi hiyo ndiyo iliyofunga utafutaji wa nchi kavu. Aliisaini akiwa anakula vitumbua, na sasa alikumbuka hata vilikuwa na iliki.

"Afande," Sajini Adamu aliita kutoka nyuma ya bawa. "Njoo uone. Halafu usiniulize, maana sielewi."

Palikuwa na kiinuko cha mchanga, na juu yake makaburi matatu, yamepangwa sambamba, kila moja na kijiti kichwani. Pembeni yake mifupa ya mwanamume imelala kifudifudi, na chini ya kifua faili la plastiki. Kati ya matawi mawili mtandio wa kike ulikuwa bado umefungwa pembe nne, jiwe katikati, ili kukinga maji ya mvua.

Watu waliokufa kwa kuanguka na ndege hawachimbi makaburi. Gertruda alilijua hilo kabla hajalifungua faili.

Mle ndani mlikuwa na karatasi za mtihani wa Jiografia, kidato cha pili. Mwalimu Noel, namba saba katika orodha ya abiria, alikuwa akirudi Tanga nazo. Nyuma ya karatasi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Gertruda alisoma kwa sauti, Adamu akiwa amevua kofia.

*Siku ya 2, Jumanne. Tumebaki wanne: mimi, rubani msaidizi, mzee mmoja na Dada Sabiha. Yeye mguu umevunjika. Saa kumi na nusu jioni, maji yamejaa, amekuja mtu kwa mtumbwi. Hakushuka. Dada alipomwona alijifunika uso kwa kanga. Yule mtu amemtazama, kisha ametuambia tusiondoke hapa, mto una mamba, anakwenda kuita watu. Mungu mkubwa.*

*Siku ya 3. Hajarudi. Mzee amefariki. Tulitaka kuufuata mkondo, tukaona yule mtu akija atatukosa. Dada anasema hatarudi. Nimemkemea asituvunje moyo.*

*Siku ya 5. Rubani.*

*Siku ya 6, Jumamosi. Dada amekata roho alfajiri. Wakati namchimbia nimesikia kafi likigonga ubavu wa mtumbwi. Nimeita mpaka sauti ikakauka. Kimya.*

*Siku ya 8. Mvua imekatika. Kama mtu atasoma hii, alama za wanafunzi wangu nimezijumlisha, ziko ukurasa wa juu.*

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Gertruda alizirudisha karatasi ndani ya faili. Siku ya nne haikuandikwa neno lolote, lakini watatu walikuwa hai, na yeye alikuwa mezani na kalamu yake.

Kabla ya kuondoka alitazama saa, akaufuata ukingo wa mkondo kwa miguu hadi kwenye tuta la kwanza la mashamba ya chumvi. Dakika arobaini na mbili, tena kwa mwendo wa mwanamke mwenye kilo tisini na hakuona mamba hata mmoja.

"Mtu aliwaona wakiwa hai," alimwambia Adamu. "Akawaambia wakae wamsubiri. Namtaka huyo. Na habari ya karatasi hizi isitoke mdomoni mwako, hata kwa mkeo."

*

Dija ndiye aliyewapa jina la kwanza. Tobia, mkata boriti wa mikokoni, mwenyeji wa Ubena, tangu Oktoba alikuwa akijishaua na saa kubwa ya mkononi isiyofanana na suruali yake. Saa nane mchana walikuwa naye kituoni, na ile saa ya mkononi mezani. Nyuma ya saa palichongwa jina la rubani.

"Umeitoa wapi?" Gertruda aliuliza.

"Nimeokota, afande."

"Mkononi mwa maiti?"

Tobia aliinamisha kichwa. "Mwenyewe alikuwa haihitaji tena."

"Uliiona ndege lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Miezi mitatu unajua ilipo, na mama zao wanalia redioni. Kwa nini hukusema?"

"Afande, nikisema nimeona ndege mikokoni, swali la kwanza mtaniuliza mikokoni nilifuata nini. Boriti moja mnanifunga. Ndege nzima je?"

Adamu alikuwa tayari kumwandikia mashtaka. "Ndiye huyu. Ana mtumbwi, anaijua mikondo, na ameshakiri kuwaibia maiti."

"Mei ulikuwa wapi?" Gertruda aliuliza.

Kwa mara ya kwanza Tobia alitabasamu. "Kwenu."

Gertruda alikivuta kitabu cha mahabusu. Tobia, kukata mikoko bila kibali, ameingia tarehe 9 Mei, ametoka tarehe 2 Juni. Sahihi ya aliyempokea: Sajini Adamu. Sajini alikisoma kitabu mara mbili, akaenda kufungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi.

*

Jumapili baada ya misa Gertruda alikwenda kwa Bi Hafidha, mama yake Sabiha. Hakumpeleka habari ya karatasi, alimpeleka habari ya ndege tu, kwamba imepatikana na mifupa itaoshwa na kuzikwa. Bibi huyu aliishi Bagamoyo nyumbani kwa mkwewe, Mikdad, mnyapara wa mashamba ya chumvi. Baada ya msiba Mikdad alimfuata Tanga mwenyewe, akasema mama wa mke wake hawezi kukaa peke yake. Mji mzima ulimsifu. Mei ile ile, mke akiwa amepotea, ndiye aliyejitolea wa kwanza kuingia mikokoni na mtumbwi wake, na Gertruda alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyomshika mkono na kumwambia awe na subira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Mikdad yuko kazini."

Alimmiminia chai ya tangawizi. Habari aliipokea bila kulia, akauliza tu kama bahari iliwatesa sana. Gertruda alijibu kwamba haikuwa bahari.

"Mimi nilishamwachia Mungu," Bi Hafidha alisema. "Hitima tumesoma, arobaini tumesoma. Wenzetu wote waliofiwa na ndege walisoma pamoja, Ijumaa, pale msikitini. Mikdad akasema hapana, ya Sabiha tusome yake peke yake, Jumatano inayofuata. Watu walishangaa. Mimi nilifurahi, mwanangu apate siku yake. Pilau nilipika kwa mikono yangu hii."

"Yeye na Sabiha walikuwa wanaelewana?"

Bibi alikitazama kikombe. "Marehemu hasemwi. Asubuhi ile alinipigia simu, akasema, mama, narudi nyumbani, nataka talaka yangu. Nikamwambia njoo tuzungumze. Mikdad amenisamehe kwa neno hilo la njoo. Mara ngapi nimemwomba radhi!"

Gertruda alimaliza chai yake akaaga. Alichokisikia hakukielewa bado. Alichukua uchungu wa yule mama akaenda nao.

*

Jina la pili lilitoka kabatini mwake mwenyewe. Kwenye taarifa ya Mei, mikondo ya mto iligawiwa watu wenye mitumbwi. Mkondo wa kati, ule wa ndege, uliandikwa jina la Mzee Mwinshehe, mtega kaa, na mbele yake alama ya kidole gumba: nimepita, hakuna kitu. Jumapili hiyo hiyo saa kumi na dakika tano alasiri Gertruda na Adamu walimkuta barazani kwake akisuka mitego.

"Mzee, Mei mkondo wa kati uliupita?"

"Niliupita."

"Siku gani?"

"Jumatano. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ndege ina urefu wa nyumba mbili, mzee. Ulipita karibu nayo kama mimi na wewe hapa. Hukuiona?"

Mwinshehe alisuka ukindu mmoja, akaukosea, akaufumua. "Macho yangu, mwanangu, si ya jana."

"Uliongea na walio hai, au ulipita tu?"

Mtego ulimponyoka. "Walio hai? Nani yuko hai?"

"Wanne. Mtu alikuja kwa mtumbwi akawaambia wamsubiri. Mtumbwi ulioandikiwa mkondo ule ni wako."

Mzee aliishika miguu yake yote miwili, kama aliyeambiwa itakatwa. "Haki ya Mungu sikwenda! Sikwenda kabisa! Jumatano asubuhi naufungua mtumbwi, Mikdad akaja. Kanambia, mzee, mvua hii utakufa bure, mkondo wa kati nimeshaumaliza mimi jana, hakuna kitu, wewe weka kidole tu. Mtu anamtafuta mkewe! Ningemkatalia vipi? Nikaweka kidole."

"Jana yake, yaani Jumanne."

"Jumanne." Machozi yalimtoka mzee. "Wanne, ulisema?"

Njiani Adamu alipiga kelele kwamba hata hivyo mzee anaweza kuwa anadanganya, neno lake dhidi ya neno la mtu anayeheshimika. Gertruda hakubisha. Kituoni alisimama mbele ya kalenda ya mwaka uliopita, ambayo hakuna aliyejisumbua kuiondoa ukutani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu.

"Adamu. Arobaini mnahesabu tangu lini?"

"Tangu siku ya kufa."

"Ndege ilipotea tarehe 12 Mei, Jumatatu. Siku ya arobaini ni tarehe 20 Juni, Ijumaa. Ndiyo siku waliyosoma wote. Mikdad alisoma tarehe 25, Jumatano. Hesabu kurudi nyuma."

Sajini alihesabu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliacha kidole kwenye kalenda. Jumamosi, tarehe 17 Mei. Siku ya sita.

"Nchi nzima walijua wamekufa Jumatatu," Gertruda alisema. "Aliyejua kwamba Sabiha alikufa Jumamosi ni Mwalimu Noel, na yule mwenye kafi. Tena kuna jingine, nimelisoma mara kumi sikuliona. Mtandio wa Sabiha ulikuwa umefungwa mtini kukinga maji. Siku mbili yuko kichwa wazi mbele ya wanaume watatu asiowajua. Kwa nini ajifunike alipokuja mwokozi? Na alijuaje hatarudi?"

Adamu aliiacha kalenda, akaenda kuhakikisha pingu zipo.

*

Jumatatu, saa nne asubuhi, chumvi ilikuwa inakwanguliwa. Mikdad alisimama kwenye tuta na daftari lake, kanzu imekunjwa kiunoni, sauti ya upole hata anapomkaripia kibarua. Alipowaona aliwafuata mwenyewe.

"Afande Gertruda! Mama kaniambia. Alhamdulillahi, angalau tutamzika. Nipe kazi yoyote."

"Kazi ni moja. Niambie kwa nini arobaini ya mkeo ulisoma Jumatano."

Tabasamu lilibaki pale pale usoni. "Wageni wa Tanga walichelewa."

"Mama mkwe wako ndiye mgeni wa Tanga, na wakati huo alikuwa kwako wiki ya tatu."

"Basi nilikosea hesabu."

"Wewe? Unayehesabu magunia ya chumvi kila siku?" Gertruda alitoa karatasi moja ya Jiografia, nakala, akamwekea juu ya daftari. "Soma wino mwekundu."

Mikdad alisoma amesimama. Vibarua waliacha kukwangua mmoja baada ya mwingine, maana mnyapara wao alikuwa ameketi kwenye chumvi mbichi na kanzu nyeupe.

"Alinitaja?" aliuliza hatimaye.

"Hapana. Siku nne alikuwa na jina lako mdomoni, hakulitoa. Sijui alikusitiri au alikuwa anakungojea."

"Mimi nilikwenda kumtafuta, afande. Wallahi, Jumanne nilikwenda kwa nia safi. Nilikuwa nalia nikipiga kafi. Nimesamehe talaka, nimesamehe kuondoka bila kuniaga. Nikaingia mkondo wa kati, nikaiona ndege, nikamwona. Kakaa kati ya wanaume, nywele nje. Akaniona." Alijigusa uso. "Akajifunika. Mimi! Mwanamke humfunikia uso mtu wa kando. Mumewe hamfunikii. Mbele ya watu wale aliniambia mimi si kitu kwake, na hakufungua mdomo."

"Ndipo ukawatisha na mamba."

"Nilisema akae usiku mmoja tu. Usiku mmoja, ajue ni nani anayemhitaji mwenzake. Asubuhi ya Jumatano ningewaleta watu."

"Jumatano ulimzuia Mzee Mwinshehe."

"Jumatano wangeniuliza jana nilikuwa wapi!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wale watatu walinisikia nikiahidi. Kila siku iliyopita ilikuwa inanifunga zaidi. Nilikwenda kila jioni, nikasimama mbali, nikasikiliza. Alhamisi alikuwa anaongea. Ijumaa alikuwa anakohoa. Jumamosi nilikwenda asubuhi, nikamwona yule mwalimu anachimba kwa kipande cha mlango."

"Akakuita."

"Aliniita ndugu yangu. Alisema, ndugu yangu, nimebaki mimi tu."

"Huyo alikukosea nini?"

Mikdad alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Huyo ndiye angenitambua."

Sajini Adamu alipiga hatua, Gertruda akamzuia kwa mkono. "Na arobaini?"

"Dua huwezi kuisomea tarehe ya uongo, afande. Ingemfikiaje? Watu nimewadanganya. Mungu sikutaka kumdanganya."

"Uliogopa kumdhulumu siku tano za dua. Kumnyima kikombe cha maji hukuogopa."

Pingu zilipofungwa, aliinua uso, na ule upole ukawa umekwisha. "Mimi nilinyamaza. Aliyesema eneo limepekuliwa ni nani? Alhamisi watatu walikuwa hai. Nilisikia taarifa yako redioni, nikashukuru. Kama usingesaini, pengine ningesema."

"Pengine," Gertruda alijibu.

*

Saa tisa alasiri alirudi kwa Bi Hafidha. Adamu alitaka aende badala yake, Gertruda akakataa. Bibi alikuwa ameshasikia kwamba mkwe wake amekamatwa, mji mdogo hauna siri, lakini sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Alimkaribisha vile vile, akammiminia chai vile vile.

Gertruda alimwambia yote, bila kupunguza: mguu, mtandio, mtumbwi, kafi, alfajiri ya Jumamosi. Bi Hafidha alisikiliza huku akihesabu kwa pingili za vidole, polepole, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ilikuwa siku yake kweli," alisema. "Ile Jumatano. Wenzetu wote walikosea, yeye peke yake ndiye aliyempatia mwanangu siku yake. Na mimi nikampikia pilau."

"Mama..."

"Nikambusu mkono kwa shukrani." Aliufuta mdomo wake kwa ncha ya kanga, akaufuta tena. "Siku ya nne mwanangu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa anaongea."

"Redioni walisema siku ya nne kwamba mikokoni wameshamaliza kutafuta. Nilikuwa Tanga, nimekaa kitandani. Nani alisema wamemaliza?"

Gertruda angeweza kusema serikali. Angeweza kusema Mzee Mwinshehe aliweka kidole, na Mikdad alimdanganya, na isingekuwa uongo.

"Mimi, mama. Nilisaini mimi. Sikwenda kuangalia."

Bi Hafidha aliinuka. Akakichukua kikombe kilichokuwa mbele ya mgeni, bado kimejaa, akaenda nacho mlangoni akamwaga chai nje. Akakisuuza kwa maji mengi, mara tatu, akakipindua kifudifudi mezani. Alikaa akampa mgongo.

Gertruda alisubiri aambiwe aondoke.